Kila mtu anauliza atatembea lini, hakuna anayeuliza habari ya mkojo

Mbukwenyi jamani. Hii stori nimeianza na kuifuta sijui mara ngapi tangu mwaka jana, kila nikifika kwenye neno lenyewe naona aibu, nafunga simu narudi kwenye cherehani yangu. Sasa juzi kuna mama mmoja kwenye bajaji kanimaliza kabisa, ndo maana leo naandika mpaka mwisho. Mnaosoma huku mnakula mnisamehe.

Ilikuwa hivi. Tunatoka sokoni Majengo tunarudi Chang'ombe, kiti mwendo kimekunjwa kimefungwa kwa mpira nyuma ya bajaji, mtoto nimempakata japo ana miaka saba na miguu yake inaning'inia mpaka inamgusa dereva. Yule mama akamwangalia, akaniangalia mimi, akamwangalia tena. "Pole mwanangu. Sasa atatembea lini?" Kabla sijafungua mdomo mtoto mwenyewe akajibu, "Mi natembeaga na kiti." Dereva akacheka, mama naye akacheka kidogo, halafu akaanza kunielekeza kwa mtu mmoja huko Mpwapwa anayekanda miguu ikanyooka. Nikaitikia ahsante mama, ahsante mama. Hata sikuwa namsikiliza, kichwani nilikuwa napiga hesabu: mara ya mwisho saa tatu, sasa hivi saa saba kasorobo, hapo mbele malori yamefunga barabara, na kikopo chetu nimekisahau nyumbani juu ya kabati.

Miguu inaonekana, kwa hiyo watu wanauliza miguu. Miaka saba nimeulizwa miguu na majirani, mawifi, wachungaji, makonda wa daladala, mpaka fundi bomba aliyekuja kuziba koki. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, "Mama Zabibu, na mkojo je?" Na kinachoweza kuniondolea mtoto sio miguu.

Zabibu sio jina lake, ni la humu tu. Kazaliwa mwezi wa nane mwaka 2018, zabibu zimejaa mabeseni barabarani, na baba yake aliniletea kilo nzima wodini akidhani ndo tunasherehekea. Alikuwa hajaambiwa bado.

Alizaliwa na mgongo wazi. Kwa ambaye hajawahi kuona, ni kwamba uti wa mgongo haukujifunga vizuri wakati mtoto anaumbwa, kwa hiyo pale juu ya makalio kulikuwa na kivimbe cha ukubwa wa limao kimefunikwa na ngozi nyembamba kama ile ya ndani ya kitunguu, ukisogeza taa unaona maji yanacheza humo. Nesi alimlaza kifudifudi juu ya kitenge changu, akatoka, akarudi na mwenzake, wakaangalia, wakatoka wote wawili bila kuongea. Ukiona hivyo unajua tu.

Hospitali tuliyokuwepo mwanzo siitaji. Tuliambiwa twende nyumbani tusubiri mtoto apate nguvu kwanza, na sisi tukasubiri kweli, kwa utii wote, tunafunika kwa shashi tunaomba Mungu, mpaka siku ya tisa shemeji yangu anayefanya kazi maabara mkoa mwingine akapiga simu kuuliza hali, nilipomweleza akanifokea mpaka nikalia. Kumbe kile kinatakiwa kifungwe ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, kila siku inayopita ni mlango wazi wa vijidudu kuelekea kwenye uti wa mgongo na ubongo. Usiku ule ule tukachangisha hela, alfajiri tukapanda basi la Dar. Masaa nane mtoto kalala kifudifudi mapajani kwangu, sijabadili mkao, Morogoro watu wameshuka kuchimba dawa mimi nimebaki nimekaa. Siku hizi kuna treni ya umeme, tangu 2024, masaa matatu na nusu hivi umefika, lakini kila nikiipanda naikumbuka ile siti ya basi.

MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, ndo nilijua kwamba siko peke yangu duniani. Wamama wa Kigoma, wa Mtwara, wa Singida, kila mmoja na kitenge chake na mtoto wake kalala tumbo chini. Wengine walikuwa wa kichwa kikubwa, wengine mgongo, wengine vyote. Pale ndo nilijifunza kutamka "vichwa vikubwa na mgongo wazi" kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyotaja malaria, na huo ujuzi nilirudi nao Dodoma kabla hata ya ujuzi mwingine wowote.

Mgongo ukafungwa, ukapona. Tukarudi. Sasa mimi ni fundi cherehani, na nilikuwa nimemshonea kofia ya sufu nyeupe yenye ua, nikampimia kabisa kwa futi yangu ya kazini. Baada ya wiki mbili nikataka kumvalisha tuende kanisani, kofia haiingii. Nikadhani imeruka kwa maji. Nikachukua futi nikapima kichwa tena, sentimita tatu zaidi. Nikapima kofia, iko vile vile. Nilikaa chini sakafuni na ile futi mkononi kama dakika kumi. Watoto wengi wa mgongo wazi wanapata na maji kwenye kichwa, nilishaambiwa wodini, ila mtu unaambiwa kitu unakiweka pembeni ukijua ni cha wengine.

Tukarudi Dar akawekewa shanti. Ni mrija mwembamba unaotoka ndani ya ubongo, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, unashuka shingoni na kifuani mpaka tumboni, maji yanayozidi yanamwagikia huko mwili unayanyonya. (Kuna upasuaji mwingine wa kutoboa njia humo humo kichwani bila kuacha mrija, daktari Benjamin Warf aliukuza pale Mbale Uganda, ila kwa wetu madaktari waliona shanti inafaa zaidi.) Kwenye mrija kuna kivalvu, ukipapasa nyuma ya sikio la kulia la Zabibu unakikuta kama punje ya harage chini ya ngozi. Bibi yake akimsuka, ile mistari inakuja imenyooka vizuri, ikifika pale inapinda, inazunguka, halafu inaendelea. Hakuna aliyemfundisha. Wasusi wa mjini niliwahi kuwajaribu mara moja, mmoja akauliza "hili jipu?" akalibonyeza. Hatukurudi tena.

Baba Zabibu ni fundi wa kuchomelea, mageti, madirisha, vitanda. Siku moja nilimsomea kwenye simu habari ya hicho kivalvu. Mwaka 1955 Marekani kuna fundi wa kiwandani, John Holter, alizaliwa mtoto wake mwenye mgongo wazi na maji kichwani kama wetu, wakati huo mirija ilikuwa inaziba hovyo, basi yule baba akaenda kwenye karakana yake nyumbani akaanza kuunda valvu mwenyewe. Sio daktari, fundi tu. Valvu yake ikaja kutumika dunia nzima. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Na mtoto wake?" Nikamwambia mtoto alifariki akiwa bado mdogo. Akanyamaza, akavaa miwani yake akarudi kuchomelea.

Haya, mkojo.

Mwanzoni mi nilikuwa na furaha kabisa na habari za mkojo, kwa sababu pampasi ilikuwa inalowa. Nikajua hapo angalau tuko salama. Miguu ilikuwa ya kupinda, ikapigwa plasta, haja kubwa ilikuwa shida, ila mkojo nikasema Mungu katuachia hili moja. Halafu zikaanza homa. Homa, kliniki, wanapima malaria hakuna, wanampa dawa, inaisha, wiki tatu nyingine inarudi. Alikuwa na mwaka na nusu. Mpaka tulipoangukia kwa nesi mmoja mtu mzima, mpole sana, akaangalia karatasi zetu akaniuliza swali ambalo sikulielewa.

"Nyumbani mna pipa la maji?"

Nikamwambia lipo, Dodoma hii utaishije bila pipa.

"Maji yakitoka usiku mkasahau kufunga koki, inakuwaje?"

"Linafurika."

"Likifurika, limeisha maji?"

Nikabaki namwangalia. Ndo akanieleza. Mishipa ya fahamu ya kibofu inatokea chini kabisa ya mgongo, chini kuliko hata ile ya mapaja, kwa hiyo karibu watoto wote wa mgongo wazi kibofu chao hakipati taarifa vizuri, hata wale wanaotembea. Kinajaa, hakijui kujikamua. Ule unaolowesha pampasi ni wa kufurika tu, wa chini umebaki umelala humo, vijidudu vinazaliana, na presha ikizidi mkojo unapanda kurudi kwenye figo. Hizo homa zilikuwa figo zinapiga kelele. Akasema, "Mama, miguu itasubiri. Figo hazisubiri." Sikulala wiki nzima kwa hayo maneno.

Dawa yake ni kwamba kibofu unakikamulia wewe. Mpira mwembamba namba 8, unaupitisha taratibu, mkojo unatoka wote kwenye bakuli, unachomoa, basi, dakika tano umemaliza. Kila baada ya masaa manne, mchana wote, kila siku ya Mungu, Krismasi, msibani, kwenye harusi, mvua ikinyesha, umeme ukikatika. Maisha yake yote. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka mpaka nesi akanishika viwiko. Mtoto hata hakulia, kule chini hasikii vizuri, aliyelia ni mimi.

Baba yake alishindwa. Sitamsema vibaya, yeye ndo alibaki, na ninaowajua walioachwa kwenye hii safari ni wengi kuliko ninaoweza kuwahesabu, ila hilo moja alisema hawezi, mtoto wa kike, hapana. Kwa hiyo nikabaki mwenyewe masaa manne manne kama mlinzi wa zamu, siwezi kwenda kwa mteja, siwezi kwenda kliniki yangu mwenyewe, mpaka mama mkwe alipokuja kutoka Bahi kututembelea wiki mbili. Hizo wiki mbili hazijaisha mpaka leo, ni mwaka wa tano sasa.

Mama mkwe hajui kusoma saa. Ni Mwanglikana wa damu, kwaya ya wamama hakosi, lakini saa yake ni msikiti wa pale nyuma. Adhana ya alfajiri, ya kwanza. Watoto wa jirani wakipita na vitumbua kuuza, hiyo ni saa tatu. Adhana ya adhuhuri ikiisha anaosha mikono, na taarifa ya habari ya saa saba ikianza redioni anamwita mtoto. Saa kumi na moja jioni anaangalia kivuli cha mnazi wetu mmoja uliodumaa kikifika ukutani. Saa tatu ya usiku ndo zamu yangu. Mimi na simu yangu yenye alamu nimeshasahau mara nyingi tu, yeye hajawahi. Msikiti ukibadilisha spika siku moja tukakosa adhana, alinifokea mimi kama vile ndo muadhini.

Alikuja na imani yake kwamba kitu kisipochemshwa hakijaoshwa. Siku ya kwanza niliyomwachia kazi nikarudi nikakuta ile mipira yote minne kaichemsha kwenye sufuria ya mlenda, imejikunja kama tambi. Mipira ya mwezi mzima! Nilitaka kucheka nikataka kulia. Ikabidi nesi ampigie simu kumweleza kwamba hapana bibi, sabuni na maji safi, suuza, kung'uta, kausha, weka kwenye kopo safi lenye mfuniko. Usafi, sio kuchemsha. Hata hilo lina mtu wake nyuma, daktari wa Marekani anaitwa Jack Lapides alilisema mwaka 1972 na wenzake walishangaa, kwa sababu kabla yake iliaminika kazi hii lazima ifanyike kwa vifaa vya chumba cha upasuaji. Yeye akasema cha muhimu ni kibofu kisikae kimejaa, kikikamuliwa kwa wakati mwili wenyewe unapambana na vijidudu. Nikifikiria bila huyo mzee bibi wa Bahi asingeweza kumkamulia mjukuu wake mkojo Chang'ombe na sabuni ya kipande, nasema basi na awekwe mahali pema huko aliko.

Kuna na kidonge cha kulegeza kibofu, oksibutinini. Kinasaidia, ila kinakausha mdomo na kinazuia jasho, sasa wewe fikiria jasho lizuiwe Dodoma mwezi wa kumi, jua la huku mnalijua. Kabla sijaelewa hilo nilikuwa naona mtoto anawaka kama mkaa mchana nadhani ni homa ile ile. Siku hizi kipindi cha joto ana kitambaa cha maji shingoni na kofia pana, na kwa ajili ya mdomo mkavu ana ubuyu, punje moja mdomoni anaizungusha nusu saa. Haja kubwa nayo ina ratiba yake, nayo inaongozwa na mlenda, mapapai na subira, naomba niishie hapo.

Ngoja niseme kitu cha pembeni maana wadada wananiulizaga sana: ni nini kilisababisha? Watu walishasema yote, nilimcheka mlemavu, nililala chali, upande wa mume wana mambo yao. Ninachojua mimi ni kwamba mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe. Siku 28! Mimi nilienda kliniki mimba ina miezi minne, nikapewa vidonge vya damu nikavimeza kwa uaminifu, wakati ule mgongo ulishakosa kujifunga zamani sana. Foliki asidi inatakiwa iwepo mwilini kabla, mikrogramu 400 kila siku kwa mwanamke yeyote anayeweza kushika mimba, haizuii kesi zote lakini inapunguza nyingi. Kwenye unga wa ngano wa viwandani huwa inawekwa, tangu kanuni za 2011, ila sisi hapa tulikuwa tunakula sembe na mtama wa kusagisha mashine ya mtaani, haina kitu kilichoongezwa. Nilipotaka kumtafuta mdogo wake nikapewa ile ya miligramu 5, ndo kipimo cha aliyewahi kuzaa mtoto kama wangu, nikaanza miezi mitatu kabla. Huyo mdogo wake wa kiume ana miaka miwili sasa hivi na kazi yake kubwa ni kusukuma kiti cha dada yake kukipeleka asikotaka kwenda.

Kiti chenyewe kina historia. Wilicheya ya kwanza ilikuwa ya msaada, nzuri, inang'aa, magurudumu ya mbele madogo kama ya toroli la supamaketi. Kwenye sakafu ya hospitali inateleza yenyewe. Chang'ombe ikatembea mita tano ikazama mchangani. Baba Zabibu akaikata mbele akaweka gurudumu moja kubwa la toroli, limetangulia mbele kama pua, akaongeza na sehemu ya kukanyagia ya chuma kwa sababu ile ya plastiki ilivunjika. Mtaa mzima ulikuja kuangalia. Alitembea kifua mbele siku mbili.

Siku ya tatu kiti kilisahaulika juani kama saa moja, tukamkalisha, tukaenda dukani tukarudi. Jioni namvua soksi, ngozi ya kisigino inakuja na soksi. Chuma kilikuwa cha moto na yeye hakusikia kitu, alikuwa anaimba njia nzima. Watoto hawa hawasikii kuungua, nilijua, tulijua, jiko la mkaa tulishalizungushia matofali, na bado. Kidonda kilichukua miezi mitatu na zaidi kufunga. Mume wangu hakusema neno. Usiku nikasikia msumeno, nikatoka, nikamkuta anakata tairi la pikipiki vipande, anafunika kila mahali chuma kinapoweza kumgusa, hata sehemu ambazo mguu haufiki. Mpaka leo kila asubuhi kabla hajakaa, baba yake anapitisha kiganja kwenye kiti chote, polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye kitanda. Akisafiri kikazi ananipigia simu niko nusu usingizini: umepapasa?

Mwaka huu kaanza darasa la kwanza. Shule ya kwanza tuliyoenda mkuu wake alitupokea vizuri, tukapewa mpaka soda, halafu akasema hawana mtu wa kumbadilisha mtoto pampasi. Nikamwambia havai pampasi shuleni, anahitaji chumba chenye mlango, ndoo ya maji na dakika kumi. Akasema tutawapigia. Soda ilikuwa tamu, sitasema uongo.

Shule ya pili vyoo vyao ni vya kuchuchumaa, mlango mwembamba, kiti hakipiti, lakini mwalimu wa darasa la kwanza, dada mdogo tu, akafikiri kidogo akasema kuna stoo ya vitabu. Tukaanzia hapo. Bibi akawa anaenda kwa miguu kila siku mapumziko ya saa nne, begi la kitenge nililomshonea begani, ndani kopo, sabuni, taulo. Ratiba yote ikabidi tuisogeze, bibi akalalamika kwamba saa nne haina adhana. Ikaenda muhula mzima. Halafu Zabibu akaanza kununa. Wenzake wanamuuliza bibi yako anakujaga kufanya nini, kwani wewe mtoto mchanga? Siku moja akanikuta kwenye cherehani, akasema, "Mama nifundishe mwenyewe."

Nesi alikuwa ameshaniambia umri wa miaka sita mpaka nane wengi wanaweza kuanza. Nikamshonea mwanasesere kwa vipande vya vitambaa vya wateja, wa kujifunzia, na kioo kidogo cha kusimama. Wiki ya kwanza alimkamulia mwanasesere tu mara ishirini kwa siku mpaka huyo mwanasesere angekuwa na figo bora kuliko zote Tanzania. Kisha yeye mwenyewe, mimi nikiwa pembeni. Kisha mimi nikiwa mlangoni. Anaanguka, anakosea, anakasirika, anatupa kopo, mipira inaingia vumbi tunaosha upya. Bibi alikuwa anakaa nje uani na mgongo wake kwetu, haongei, ila nilijua ana wivu kidogo. Miaka mitano ile ilikuwa kazi yake.

Sasa turudi kwenye ile bajaji. Tumefika saa saba na robo imeshapita. Namshusha, nafungua kiti, baba yake hayupo kwa hiyo napapasa mimi, namkalisha, nakimbilia chumbani kuchukua kopo juu ya kabati. Nikageuka nikamkuta kashaingia nyuma yangu kwa kiti chake, mkono kaunyoosha.

"Nipe."

Nikampa.

"Mama, toka."

Alikuwa hajawahi kufanya bila mtu mlangoni. Nikatoka. Akavuta pazia, likakwama kwenye gurudumu, akalikwamua mwenyewe, akalivuta tena. Nikasimama koridoni nimeshika ile mifuko ya sokoni bado, nyanya zinanidondokea. Bibi alikuwa sebuleni na redio yake, taarifa ya habari ilishaanza, wanasoma mambo ya Bunge. Akaniangalia. Akanyoosha mkono akapunguza sauti ya redio mpaka ikaisha.

Tukasikiliza wote wawili. Mfuniko wa kopo. Maji ya kunawa. Kimya, kirefu sana, mi nikapiga hatua moja kuelekea pazia, bibi akanikazia macho nikarudi.

Halafu tukasikia mkojo unagonga ndoo.

Bibi akaongeza sauti ya redio.